Kope za Binamu na Mzee Aliyelala Macho Wazi

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi, na wanaonifahamu watadhani nimebanwa na habari za bajeti. Siyo bajeti. Ni kope za binamu yangu.

Jumapili ile nilipanda basi pale Makumbusho kwenda Bagamoyo kumsalimia shangazi. Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, njia ile ile ambayo naijua hadi mashimo yake. Nilipofika nilimkuta binamu, mtoto wa shangazi, naye amekuja kusalimia. Ananizidi miaka tisa, kwa hiyo kwangu ni dada, na anafanya kazi benki hapa Dar.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kaa hapa. Wewe si mwandishi wa habari? Nina kazi yako."

Akanionyesha kwenye simu picha mbili za mwanamke mmoja, kabla na baada. Kabla, kope zimemlalia. Baada, macho yamefunguka kama ya mtu aliyeitwa jina lake ghafla. Binamu anataka hiyo ya pili. Amepata wakala anayepeleka watu Uturuki: tiketi, hoteli na upasuaji kwa bei moja, siku sita umerudi. Ameshatoa laki tano ya kushikia nafasi. Kisa? Wateja dirishani wanamwuliza kila siku kama amelala vizuri. "Nimechoka kuambiwa pole na watu ambao hawajui ninachopewa pole," akasema.

Bibi yetu alikuwa mkekani anachambua mchele. Akacheka mpaka ungo ukayumba. "Hayo ndiyo macho ya kungu! Watoto wa kike wa mji huu walikuwa wanayalilia, wewe una hela ya kuyakata?"

Kwa wasiotoka pwani nieleze kidogo. Huku kwetu mwanamke akisifiwa husemwa macho yake kama kala kungu, yaani yamelegea, yamesinzia kidogo, kope zimeshuka nusu. Bibi anasema kungu hiyo ni kungumanga, kiungo kile kile cha kwenye pilau, kwa sababu mtu akiitafuna nyingi macho yanamlegea kweli. Wengine wanasema ni kungu ya mkungu, ule mti wa vivuli vya ufukweni. Bishaneni wenyewe. Ninachotaka kusema ni kwamba kitu ambacho binamu anakiita kasoro, mji aliozaliwa ulikiita uzuri, na ulikiimba kwenye taarabu na harusini. Hilo peke yake lilitosha kunifanya niichukue ile kazi niliyopewa.

Lakini lililonikamata zaidi bibi alilisema baadaye, kicheko kilipokwisha. "Mimi nimewahi kuona macho yasiyofumba," akasema. "Hamjui mnachokichezea." Akatusimulia habari za mzee mmoja wa ukoma aliyekuwa akija kuuza korosho mtaani wakati yeye ni binti. Kope za yule mzee hazikuweza kushuka. Mchana alikuwa akijipepea inzi usoni, na usiku, watu walisema, alilala na kitambaa kibichi juu ya macho. Jicho moja lilikwisha kuwa jeupe. Miaka miwili mbele na la pili likafuata.

Nilirudi Dar na hiyo picha kichwani, nikaanza kusoma. Nikagundua kuwa upasuaji wa kope una historia ndefu kuliko nilivyodhani, kwamba sehemu ya historia hiyo imepita hapa hapa Afrika Mashariki, na kwamba kwa muda mrefu waliokata kope hawakuwa na shida ya jicho kufunguka. Walikuwa wanahangaika lifumbe, au angalau lisikwaruzwe.

Kabla sijaenda mbali: nikisema kope hapa namaanisha ule mfuniko wa ngozi, siyo nywele zake. Kiswahili kinatuchanganya kwa kuviita vyote kope.

Tuanze na wanja, maana pwani kila kitu cha macho kinaanza na wanja. Waarabu wanauita kuhl. Na katika dola ya Kiislamu ya zamani daktari wa macho aliitwa kahhal, neno la mzizi huo huo, yaani kama sisi tungemwita daktari wa macho "mpaka wanja". (Na ndiyo, neno alkoholi nalo linatokana na kuhl, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine na ya sehemu nyingine.) Baghdad, katika karne ya 11, palikuwa na kahhal maarufu, Ali ibn Isa, aliyeandika kitabu cha magonjwa ya macho kilichotumika kwa karne nyingi. Cordoba kule Andalusia, kipindi kinachokaribiana na hicho, Abu al-Qasim al-Zahrawi aliandika juu ya upasuaji, na kope zimo. Walishughulika na nini? Nywele za kope zinazogeukia ndani na kuchoma jicho. Kope iliyoshikana na jicho. Kope iliyopinduka nje. Mafunjo ya tiba ya Misri ya miaka zaidi ya 3,000 iliyopita nayo yanazungumzia nywele hizo hizo zinazochoma.

Msidhani hayo ni mambo ya kale. Nendeni Kongwa, Dodoma.

Ugonjwa wa trakoma, ambao wengi tunauita vikope, umewahi kuisumbua sana Tanzania ya kati, na Kongwa ni moja ya sehemu zilizochunguzwa kwa muda mrefu kuliko nyingi duniani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani wamekuwa wakifanya kazi huko na Watanzania tangu miaka ya 1980. Bakteria wanaambukiza macho ya mtoto kupitia vidole, vitambaa na inzi. Mtoto anaambukizwa tena na tena. Kila mara upande wa ndani wa kope unapata makovu madogo, na kovu, kama mnavyojua, hujikunja. Akifika utu uzima kope imejikunja ndani, nywele zinafagia kioo cha jicho kila anapopepesa. Na mtu hupepesa mara kumi na tano hivi kwa dakika. Fanya hesabu ya siku nzima, halafu ya miaka kumi.

Wanaoumia zaidi ni wanawake, kwa sababu wao ndio wanaoshinda na watoto. Wengi huishi na kibanio, wanang'oa nywele moja moja, nazo zinaota tena. Upasuaji wake unaitwa kusawazisha kope: unapigwa ganzi, kope inachanwa kwa ndani au pande zote, ukingo unageuzwa uangalie nje, unashonwa. Unaweza kufanyika kwenye kituo cha afya cha kawaida, na wanaofanya si lazima wawe madaktari bingwa, hata wauguzi waliofunzwa vizuri wanafanya. Dawa nayo ipo: Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tano za mwanzo kupata msaada wa azithromycin kutoka kampuni ya Pfizer mwishoni mwa miaka ya 1990. Tatizo ni kwamba kope ni korofi. Kwa wagonjwa wengi nywele zinarudi kugeuka ndani miaka michache baadaye, na watafiti wametumia miaka mingi kujua kwa nini: aina ya mshono, mkono wa mpasuaji, ukubwa wa kovu la awali. Ninalitaja hili makusudi. Ukisikia mtu anasema "ni kope tu, dakika arobaini umemaliza", mkumbushe kwamba kuna watu wamesomea mshono mmoja wa kope maisha yao yote na bado wanabishana.

Turudi Bagamoyo na yule mzee wa korosho.

Ukoma si mgeni kwenye mji huu. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika 1868, na katika kazi zao ilikuwemo kuwatunza wenye ukoma. Sewa Haji, yule mfanyabiashara tajiri mwenye asili ya India aliyekuwa akiandaa misafara ya kwenda bara, alipofariki 1897 alikuwa ametoa mali yake kwa shule, kwa hospitali ya Dar es Salaam iliyobeba jina lake, na kwa wenye ukoma wa Bagamoyo. Tunaposimulia Bagamoyo tunasimulia watumwa, pembe za ndovu na Wajerumani. Hatuwasimulii sana hawa.

Ukoma haukati vidole, kama tulivyoambiwa utotoni. Unaua mishipa ya fahamu. Kuna mshipa mmoja unaotoka karibu na sikio na kusambaa usoni, na tawi lake ndilo linaloamuru msuli wa kufumba jicho. Tawi hilo likifa, kope inabaki juu. Mbaya zaidi, ukoma unaweza kuua na hisia ya kioo cha jicho chenyewe, kwa hiyo vumbi likiingia mtu hasikii na hapepesi. Jicho linakauka, linapata kidonda, kidonda kinapona kwa kovu jeupe. Hakuna kitu kilichoingia jichoni kikalipofua. Limepofuka kwa kukosa kufunikwa.

Madaktari walitafuta njia. Ya rahisi ni kushona pembe ya kope ya juu na ya chini ili tundu lipungue. Ya ajabu ni ile iliyoendelezwa zaidi India, hasa Vellore alikokuwa daktari Paul Brand: wanachukua kipande cha msuli wa kutafunia, ule wa kwenye kipaji pembeni, wanapitisha kamba yake ndani ya kope zote mbili. Mgonjwa akiuma meno, jicho linafumba. Anafundishwa upya kupepesa kwa kutafuna. Nilipoisoma hiyo niliweka simu chini nikaanza kuuma meno mwenyewe, nikifikiria mtu anayekumbuka kutafuna ili asipofuke.

Ukoma siku hizi una dawa. Mchanganyiko wa dawa uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwanzoni mwa miaka ya 1980 unatibu kabisa, na hutolewa bure. Wagonjwa wapya bado wanagunduliwa Tanzania kila mwaka, lakini akiwahiwa mtu hafiki alikofika yule mzee.

Sasa, urembo uliingiaje humu? Hapo ndipo nilipokutana na Kilimanjaro, na sikuitegemea.

Vita vya pili vya dunia vilileta aina mpya ya jeraha: rubani kijana ambaye ndege imeshika moto na uso umeungua. Uingereza waliwapeleka wengi kwenye hospitali moja ya mji wa East Grinstead, kwa daktari mzaliwa wa New Zealand anayeitwa Archibald McIndoe. Kope ni ngozi nyembamba kuliko yote mwilini, haifiki hata milimita moja, kwa hiyo moto unazimaliza mapema. McIndoe aliwaanza hapo. Kabla ya pua, kabla ya midomo, kope, kwa kupandikiza ngozi kutoka sehemu nyingine ya mwili. Sababu mnaijua tayari kama mmenifuata toka kwa mzee wa korosho. Wagonjwa wake walianzisha chama chao mwaka 1941, wakajiita Guinea Pig Club, yaani wanyama wa majaribio, kwa sababu walijua wanafanyiwa mambo ambayo hakuna aliyewahi kufanyiwa. Vita vilipoisha walikuwa 649.

Vijana wawili waliojifunza kwa McIndoe ni Michael Wood, Mwingereza aliyekuwa akifanya upasuaji Nairobi, na Tom Rees, Mmarekani. Wood alikuwa na shamba upande wa magharibi wa Kilimanjaro. Katikati ya miaka ya 1950 watatu hao walikutana kwenye miteremko ya mlima ule wakazungumza namna ya kuwafikia watu walio mbali na hospitali kwa kutumia ndege ndogo. Mwaka 1957 wakaanzisha shirika ambalo leo tunaliita AMREF. Ndiyo, AMREF hii hii ya madaktari wanaoruka. Waanzilishi wake watatu wote walikuwa wapasuaji rekebishi. Nimeripoti semina za AMREF sijui ngapi, nimekula maandazi yao, na sikuwahi kulijua hilo.

Rees alikuwa akija huku kupasua watoto walioangukia motoni, midomo sungura, watu walioumwa na wanyama. Halafu anarudi New York, ambako alikuwa mmoja wa wapasuaji wa urembo wa uso wanaojulikana sana. Kitabu alichoandika na mwenzake mwaka 1973 kilikuwa cha upasuaji wa urembo wa uso, na kope zina nafasi yake. Mtu mmoja, mikono ile ile, Januari kope ya mtoto aliyeungua, Machi kope ya mke wa tajiri. Zamani ningemcheka. Sasa sicheki, kwa sababu katika miaka hiyo ya 1970 Rees huyo huyo aliandika kuwatahadharisha wapasuaji wenzake juu ya macho yanayokauka baada ya kope kupunguzwa kwa ajili ya urembo. Aliyejifunzia kwa watu wasio na kope alijua inakuwaje jicho likikosa kufunikwa.

Urembo wenyewe una mizizi mingine pia, na nitaipita haraka. Japani, mwaka 1896, daktari Mikamo alieleza jinsi ya kutengeneza mkunjo kwenye kope isiyo nao. Korea, mwaka 1954, mpasuaji wa Kimarekani Ralph Millard alikwenda kutibu majeruhi wa vita akajikuta anaombwa na Wakorea awabadilishe macho yafanane na ya Wamarekani. Nani alimfundisha mwenzake kwamba jicho lake lina kasoro, hilo mnaweza kulijibu bila msaada wangu. Leo Korea Kusini upasuaji wa kope ni jambo la kawaida kabisa. Kwa hesabu za chama cha kimataifa cha wapasuaji wa urembo, mwaka 2024 upasuaji wa kope ulishika namba moja duniani kati ya pasua zote za urembo, zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Hapa kwetu Muhimbili-Mloganzila nayo imeingia kwenye upasuaji rekebishi na wa urembo miaka hii ya 2020, kwa hiyo binamu si mtu wa ajabu. Ni mteja wa kawaida wa zama zake.

Basi nilimwita tukakaa kibarazani kwake Sinza, nikamsomea nilichokusanya. Nawapa na ninyi, maana najua kuna mwenye wakala wake.

Cha kwanza ni kwamba kope iliyoshuka si ugonjwa mmoja. Inaweza kuwa ngozi imezidi, na hiyo ndiyo wanayokata watu wa urembo. Inaweza kuwa msuli wa kuinua kope umelegea, na hapo ukikata ngozi hujagusa tatizo. Inaweza kuwa nyusi ndizo zimeshuka. Au kuna ugonjwa nyuma yake: kisukari kinaweza kugonga mshipa wa fahamu wa jicho, na kuna maradhi ya misuli kuchoka ambayo kope huwa za kwanza kuyaonyesha, asubuhi nzima, jioni zimelala. Kope iliyoshuka ghafla, au ya upande mmoja, au inayokuja na kuona vitu viwili viwili, ni ya kupeleka hospitali siku hiyo hiyo. Saluni na wakala hawahusiki hapo.

Binamu akaniuliza, "Ya kwangu ya kushoto iko chini zaidi, au macho yangu?" Nikamwangalia. Ilikuwa chini zaidi. Tukanyamaza kidogo.

Kingine ni kiasi kinachokatwa. Mpasuaji anachora kwa kalamu ukiwa umekaa, anapima. Kipimo ambacho wapasuaji wengi wanakishika ni kwamba kati ya nyusi na nywele za kope zibaki angalau milimita 20 za ngozi. Ukipunguza zaidi utapata macho makubwa ya kwenye picha, na usiku yatabaki nusu wazi. Ngozi iliyobaki kidogo unaweza kurudi ukaongezewa mkato. Iliyozidi kukatwa hairudi, labda upandikizwe kama wale marubani. Kwa hiyo swali la kumwuliza daktari si "nitaonekanaje" tu. Mwulize, jicho langu litafumba? Na mwulize mangapi ya watu weusi ameshafanya, na picha zao aonyeshe. (Makovu manene ya keloidi kwa bahati nzuri ni nadra sana kwenye kope, hata kwetu ambao sindano ya sikio tu inatuotesha uvimbe. Lakini alama kuwa nyeusi kwa miezi kadhaa, hiyo ipo.)

Hapa ilibidi nimwulize binamu swali la aibu: mkorogo? Akakwepa macho. Krimu nyingi za kujichubua zina dawa za steroidi, zinakonda ngozi, na ukizipaka karibu na macho kwa muda mrefu zinaweza kupandisha presha ya jicho, ile inayoua uoni polepole bila maumivu. Daktari lazima ajue. Ajue na aspirini, na vidonge vya mitishamba unavyokunywa kimya kimya, kwa sababu vingine vinafanya damu isigande upesi.

Na damu ndiyo inayonifanya nimwogope yule wakala. Katika pasua hizi kuna balaa moja, nadra sana lakini lipo: damu inavuja nyuma ya jicho, inajaa kwenye tundu la mfupa lisilotanuka, inalibana jicho mpaka lipoteze uoni. Likitokea, mara nyingi ni ndani ya siku ya kwanza. Dalili ni maumivu makali, jicho kutokeza, uoni kufifia. Dawa yake ni kukata nyuzi na kupunguza presha papo hapo, saa chache tu zinatosha kuharibu jicho. Sasa jiulize uko hotelini kwenye mji ambao lugha yake huijui, saa nane za usiku, namba uliyonayo ni ya wakala aliyelala Kariakoo. Nyuzi kwa kawaida hutolewa baada ya siku tano hadi saba. Mpango wa binamu ulikuwa siku sita pamoja na safari.

Sikumwambia asifanye. Ningependa niseme nilimwambia, ingenipa sifa kwa bibi. Uso ni wake, na kuambiwa pole kila siku si mchezo. Nilichomwomba ni aende kwanza kwa daktari bingwa wa macho hapa hapa Dar, aliyesomea jicho lote siyo kope peke yake, halafu ndipo aamue.

Alikwenda wiki iliyofuata, mimi nikamsindikiza. Daktari alikuwa mama mmoja mtaratibu, hakucheka wala hakukemea. Alimpima sukari, ikawa sawa. Alimwambia aangalie juu dakika nzima bila kushusha macho, aone kama kope zitachoka. Akamwambia afumbe macho polepole kama anayelala, akaja karibu na tochi kuangalia kama pamebaki uwazi. Halafu akataka picha za zamani, za shule, za harusi, chochote.

Picha ilikuwa Bagamoyo. Nikapanda tena basi. Bibi aliitoa kwenye bahasha chini ya godoro: binamu ana miaka kama kumi na mbili, Idi, gauni la bluu, amesimama kati ya shangazi na bibi mbele ya mlango. Kope ya kushoto iko chini zaidi. Ya shangazi pia. Na ya bibi, ukitazama vizuri, hivyo hivyo. Watu watatu wamekula kungu ya mti mmoja. Daktari aliitazama akatabasamu kwa mara ya kwanza, akasema basi huu si ugonjwa wa jana.

Kilichobaki kilikuwa machozi. Kuna kipimo cha vijikaratasi vyembamba, wanakukunjia kimoja kwenye kope ya chini kila upande, unakaa dakika tano, wanapima kimelowa milimita ngapi. Nilikaa kwenye benchi namwona binamu ana karatasi mbili zinaning'inia machoni, mikono mapajani, ametulia kama mtoto anayesubiri chanjo. Kulia milimita 11. Kushoto 6. Daktari akasema la kushoto liko mpakani, linatengeneza machozi kidogo, na ukilipunguzia kope leo unaweza kulikausha. Akaandika matone, akamwambia arudi baada ya miezi mitatu wapime tena, na kama bado anataka wazungumze kukata kidogo, siyo kama kwenye picha ya simu.

Wakala amesema laki tano hairudi. Binamu anaweka matone mara nne kwa siku, hata dirishani pale benki, na wateja sasa wanamwuliza kama analia. Na bibi amepiga simu jana, anaulizia picha yake.